Ukikosa Likyua ya Chokoleti, Uweke Nini Badala Yake?

Mapishi yanataka mililita 30 za crème de cacao, yaani likyua ya chokoleti. Kabatini kuna vodka, kuna unga wa kakao, kuna na chupa ya sosi nzito ya chokoleti, ile ya kumwagia aiskrimu. Chupa inayotakiwa haipo. Wengi wetu hapo hunyakua sosi, tukapima mililita 30 zile zile na kutikisa na barafu kama tulivyoelekezwa. Kinachomiminika kwenye glasi ni kitu kitamu hadi kinakinaisha, kizito ulimini, chenye mashapo ya kahawia chini, na ukali wa pombe umefifia. Chokoleti inaonjeka, lakini kokteli yenyewe imepotea.

Kuharibika huko kunatokana na dhana kwamba likyua ya chokoleti hutiwa kwa ajili ya ladha tu. Likyua ni pombe kali iliyotiwa sukari nyingi na kiungo cha ladha, na ikiingia kwenye glasi au bakuli hufanya kazi nne au tano kwa mpigo: inaleta harufu ya kakao, inaleta utamu, inaongeza kileo, inakipa kinywaji uzito, na mara nyingine ndiyo inayoamua rangi. Mbadala unaofanya moja tu kati ya kazi hizo huacha mapengo, na ulimi huyatambua mara moja. Ndiyo maana swali la "nitumie nini?" halina jibu moja linalofaa kila mahali. Hujibika ukishajua likyua ilikuwa imepewa kazi gani katika mapishi uliyo nayo.

Jina moja, chupa tatu

Tuanze na majina, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea kabla hata ya kuwasha jiko.

Crème de cacao ndiyo likyua ya chokoleti inayotajwa zaidi katika kokteli za zamani, na jina lake linadanganya: haina krimu hata tone. Neno hilo la Kifaransa linahusu uzito unaoletwa na sukari. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, kinywaji hakiitwi likyua mpaka kiwe na kileo kisichopungua asilimia 15 na, kwa kawaida, sukari isiyopungua gramu 100 kwa lita. Kikitaka kujiita "crème de" kitu fulani, sukari lazima ifike gramu 250 kwa lita. Shika namba hiyo ya 250, tutairudia. Kileo cha crème de cacao nyingi huwa kati ya asilimia 20 na 25.

Zipo za aina mbili, nyeupe na ya kahawia. Ile nyeupe, ambayo kwa kweli haina rangi kabisa, hupatikana kwa kuloweka kakao kwenye pombe kisha kuikeneka, hivyo harufu inapanda na mvuke huku rangi ikibaki nyuma. Ladha yake ni nyepesi, inaelekea kwenye vanila. Ya kahawia hutokana na kuloweka bila kukeneka, nayo ina ule uchungu wa kakao iliyokaangwa. Kwa baadhi ya watengenezaji wa bei ya chini, tofauti ya chupa hizo mbili ni rangi iliyoongezwa na basi, kwa hiyo onja kabla ya kuamini kibandiko.

Chupa ya pili ni likyua ya chokoleti yenye maziwa au krimu ndani yake. Godiva ni chapa inayojulikana, na Mozart ya Salzburg, Austria, ni nyingine. Kileo cha hizi huwa kwenye asilimia 15 hadi 17. Ya tatu ni nyeusi, nzito, imejaa kakao lakini haina maziwa. Mozart hao hao wanayo. Chupa hizi tatu zote huitwa "likyua ya chokoleti" katika mapishi, na ukibadilishana moja kwa nyingine bila kufikiri unaweza kuharibu kinywaji kana kwamba umetumia kitu kigeni kabisa.

Na kwa wanaofuata mapishi ya Kiingereza, kuna mtego mwingine. Chocolate liquor na chocolate liqueur zinapishana herufi chache tu, lakini ya kwanza haina pombe. Ni kakao iliyokaangwa na kusagwa mpaka ikawa uji mzito, zaidi kidogo ya nusu yake ni mafuta, na ikipoa inaganda kuwa jiwe. Ndiyo malighafi ya chokoleti zote. Ukiona mapishi ya keki yanataka gramu 200 za kitu hicho, usiende kutafuta chupa. Yanataka chokoleti chungu isiyo na sukari.

Hesabu inayookoa glasi

Chukua Brandy Alexander, kokteli ambayo imewafundisha watu wengi kupenda likyua hii. Ni mililita 30 za konyaki (brandi ya Kifaransa), 30 za crème de cacao ya kahawia, 30 za krimu, na kungumanga iliyokunwa juu. Konyaki yenye kileo cha asilimia 40 inaleta mililita 12 za alkoholi tupu. Crème de cacao yenye asilimia 24 inaongeza kama mililita 7. Jumla ni mililita 19 ndani ya 90, yaani karibu asilimia 21 kabla barafu haijayeyuka.

Sasa toa likyua, weka sosi ya chokoleti. Alkoholi inashuka hadi mililita 12, asilimia 13 tu, na papo hapo sukari inaweza kuongezeka maradufu. Kinywaji kimevutwa pande mbili kwa wakati mmoja, kimepungua ukali na kuzidi utamu, na hapo ndipo kinapogeuka maziwa ya chokoleti.

Dawa yake ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Ongeza konyaki iwe mililita 45, tia shira ya kakao mililita 15, krimu ibaki 30. Ujazo ni ule ule, alkoholi ni mililita 18, na utamu umerudi mahali pake. Hukuhitaji chupa mpya. Umeiachia pombe iliyokuwamo tayari ifanye kazi ya ile iliyokosekana. Kanuni hii inafaa katika kokteli nyingi: nusu ya kipimo cha likyua iwe shira, nusu nyingine iwe pombe kali ya msingi ya kinywaji hicho, au vodka ikiwa hutaki ladha ya msingi izidi. Ukichanganya shira na vodka ya asilimia 40 nusu kwa nusu, unapata kileo cha asilimia 20, ndani kabisa ya mipaka ya crème de cacao.

Shira yenyewe ni sukari gramu 200, maji mililita 200, unga wa kakao gramu 40, chumvi kidogo sana, na vanila. Changanya sukari na kakao vikiwa vikavu kwanza. Chembe za sukari huzitenganisha chembe za kakao, na madonge hayapati nafasi. Mimina maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, weka kwenye moto mdogo dakika tatu hadi tano, epua, tia vanila, kisha chuja kwa kitambaa safi. Utapata kama mililita 340. Ukiigawa nusu kwa nusu na vodka, sukari inaangukia kati ya gramu 250 na 300 kwa lita, ile ile namba ya sheria tuliyoiacha juu. Hifadhi kwenye friji, itumie ndani ya wiki mbili, na itikise kila mara kabla ya kupima, kwa sababu unga wa kakao hauyeyuki kama sukari. Huelea tu ndani ya maji, na ukiachwa utashuka chini.

Unga wa kakao nao si mmoja. Kuna ule wa asili, wenye asidi na rangi nyepesi, na kuna ule uliotiwa alkali, mweusi zaidi na mpole ulimini. Wote wawili wanatokana na mashine ya kukamua mafuta ya kakao ambayo familia ya Van Houten ya Uholanzi iliisajili mwaka 1828, na ni Van Houten huyo huyo wa kizazi cha pili, Coenraad, aliyekuja na wazo la alkali. Kwa vinywaji ninapendelea wa alkali bila kusita: unasambaa vizuri zaidi kwenye maji na hauachi ukakasi. Kwa keki inayotegemea bikaboneti ya soda ili iumuke, tumia wa asili, kwa maana bikaboneti inahitaji asidi ya kushindana nayo.

Njia ya subira

Shira inatatua tatizo usiku huu huu. Mwenye wiki moja mkononi anaweza kutengeneza kitu bora zaidi, na kwa maoni yangu hiki ndicho mbadala pekee unaoweza kuwekwa kando ya chupa ya dukani bila kuona haya.

Tafuta chenga za kakao, yaani kokwa za kakao zilizokaangwa na kuvunjwavunjwa, zisizo na sukari. Loweka gramu 100 katika mililita 500 za vodka ya asilimia 40, ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, mahali pasipo na jua. Itikise mara moja kwa siku. Kuanzia siku ya nne, onja. Alkoholi huchota harufu mapema, uchungu mkali hufuata baadaye, kwa hiyo siku ya tano hadi ya saba kwa kawaida panatosha. Ukisahau mwezi mzima utapata kitu cha kukausha mdomo. Chuja, kisha ongeza shira ya kawaida iliyopoa ya sukari gramu 250 na maji mililita 250, pamoja na mbegu zilizokwanguliwa ndani ya ganda moja la vanila. Iache siku moja tena itulie. Mwishowe una takriban mililita 900 zenye kileo cha kama asilimia 22, na sukari inayozidi gramu 250 kwa lita. Kisheria na kimdomo, hiyo ni crème de cacao.

Kuna hatua moja ambayo wengi huiruka, nami nasihi isirukwe. Kokwa za kakao karibu nusu yake ni mafuta, na sehemu ya mafuta hayo huingia kwenye pombe. Kabla ya kutia shira, weka ile vodka iliyochujwa kwenye friza usiku mmoja. Vodka haitaganda, lakini mafuta yataganda na kuelea juu. Chuja tena upesi, ikiwa bado baridi, kupitia karatasi ya kuchujia kahawa. Kinywaji kinakuwa safi na hakiachi utando kwenye ukingo wa glasi.

Faida ya njia hii juu ya unga ni uwazi. Kokteli zinazokorogwa tu na barafu bila kutikiswa, zile zenye kung'aa, hazivumilii ukungu wa unga wa kakao. Kwa hizo, chenga ndiyo njia.

Kahawa, jirani anayeitwa kila mara

Ukimuuliza karibu mtu yeyote, jibu la kwanza litakuwa likyua ya kahawa. Kahlúa, iliyoanzia Veracruz nchini Mexico mwaka 1936, ndiyo inayotajwa zaidi, na Tia Maria huifuata. Jibu hilo lina mantiki. Sukari yake ni nyingi kama ya crème de cacao, kileo kinakaribiana, na uzito mdomoni ni ule ule, hivyo mizani ya kokteli haitikisiki. Isitoshe, kakao na kahawa ni ndugu wa motoni: vyote viwili ni mbegu zinazokaangwa, na kukaangwa huko huzaa katika zote mbili kundi moja la harufu, pirazini, ambazo ndizo pua inazitambua kama njugu zilizochomwa, udongo mkavu, ukoko wa mkate.

Ila undugu haufanyi mtu kuwa mwenzake. Kahawa ina sauti kubwa. Ikiingia mahali pa kakao, mnywaji hatasema "chokoleti nzuri", atasema kahawa. Katika Brandy Alexander hilo linavumilika, tena wapo wanaolipenda, kwa sababu krimu inaituliza. Katika tiramisu, kitindamlo cha Italia chenye biskuti zilizolowekwa kahawa, ni nyumbani kwake kabisa. Penye limau au nanaa, lakini, kahawa hugombana na kila mtu. Ninachokifanya mimi ni kuipunguza: mililita 20 za likyua ya kahawa, mililita 10 za shira ya kakao. Kahawa inarudi nyuma ikawa kivuli, kakao inasogea mbele, na kileo hakijashuka sana.

Kumbuka pia kwamba kahawa ina kafeini. Kitindamlo cha saa nne usiku kinaweza kumnyima mgeni wako usingizi, naye hajui kilichomo.

Baileys ni mbadala wa aina nyingine. Iliingia sokoni mwaka 1974 kutoka Ireland, ina wiski na krimu, kileo chake ni asilimia 17, na tayari ina ladha ya kakao ndani yake. Hii ichukue nafasi ya chupa ya pili katika zile tatu, ile yenye maziwa, wala si ya crème de cacao. Ukiitumia kwenye Brandy Alexander, punguza krimu hadi nusu, la sivyo utakuwa umetia krimu mara mbili. Frangelico ya Italia, ya njugu za hazeli, haina chokoleti ya kutosha kusimama peke yake, lakini ikichanganywa na kijiko cha shira ya kakao inatoa kitu ambacho wenyeji wa Piemonte, walikozoea kusaga hazeli na kakao pamoja, wangekitambua mara moja. Uliza kwanza kama kuna mtu mezani mwenye mzio wa njugu. Amaretto, likyua yenye ladha ya lozi, inafaa kwa keki, haifai sana kwa glasi, kwa kuwa lozi huifunika kakao yote. Na matone machungu ya chokoleti (chocolate bitters), yale ya chupa ndogo, yana harufu nzuri lakini hayana utamu wala uzito. Matone mawili matatu juu ya mchanganyiko wa vodka na shira ya sukari husaidia, yakiwa peke yake hayachukui nafasi ya kitu.

Pale rangi na asidi vinapotawala

Kokteli mbili zitakuonyesha mipaka ya mambo haya yote.

Grasshopper ni likyua ya nanaa ya kijani, crème de cacao nyeupe na krimu kwa vipimo sawa. Uzuri wake nusu uko machoni, ule ukijani mpole kama wa jani changa. Tia likyua ya kahawia au shira ya kakao na rangi inakuwa ya tope la bwawa. Ladha itakuwa sawa, lakini hakuna atakayenyoosha mkono. Hapa natoa ushauri ambao baadhi hawataupenda: achana na kakao. Tumia vodka na shira ya vanila nusu kwa nusu, ongeza kijiko kimoja cha chai cha pombe iliyolowekwa chenga kama unayo. Vanila ndiyo sehemu kubwa ya kile ulimi unachokiita chokoleti ndani ya crème de cacao nyeupe, na rangi itabaki salama. Ukiwa na likyua ya chokoleti nyeupe yenye krimu, nayo inafaa hapa, mradi upunguze ile krimu nyingine.

Ya pili ni Twentieth Century, aliyoibuni Mwingereza C. A. Tuck na kuchapishwa mwaka 1937, ikapewa jina la treni iliyokuwa ikienda kati ya New York na Chicago. Ina jin, Lillet (divai ya Kifaransa iliyotiwa ladha), crème de cacao nyeupe na maji ya limau. Wazo la chokoleti na limau humshangaza asiyeijua, lakini mchanganyiko huo ni wa ajabu: limau linapita kwanza, kisha kakao inatokea kimya kimya wakati umeshameza.

Mahali hapa likyua yoyote yenye maziwa ni marufuku. Protini kuu ya maziwa, kaseini, hushikana na kuwa madonge asidi inapofikisha pH (kipimo cha asidi; kadiri namba inavyoshuka ndivyo asidi inavyokuwa kali) ya karibu 4.6, na maji ya limau yana asidi kali kuliko hapo kwa mbali. Maziwa hukatika ndani ya sekunde chache. Nililijifunza hilo kwa kuharibu glasi nne za wageni kwa mpigo, nikiwa nimeamini kwamba pombe iliyomo kwenye likyua ingeilinda krimu. Haikuilinda. Kwa Twentieth Century, tumia pombe ya chenga iliyochujwa vizuri, au vodka na shira ya vanila kama ya Grasshopper. Shira ya unga wa kakao haikatiki, lakini inaifanya glasi iwe na ukungu, na kinywaji hiki kinastahili kung'aa.

Kwenye bakuli na tanuri

Vitindamlo vinasamehe zaidi, kwa sababu kipimo ni kidogo na viungo vingine ni vingi. Vijiko viwili vikubwa vya likyua kwenye unga wa keki vinaweza kuwa kijiko kimoja cha shira ya kakao na kimoja cha kahawa nzito, na hakuna atakayejua. Bado kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni maji. Chokoleti iliyoyeyushwa ni chembe kavu zilizoogelea kwenye mafuta. Tone la maji likiingia, sukari na kakao hulinyonya, hunata, na bakuli zima hushikana kuwa bonge gumu. Ajabu yake ni kwamba maji mengi hayaleti shida hiyo. Kwa hiyo unapotengeneza ganashi (mchanganyiko laini wa chokoleti na krimu) au kuongeza mbadala wa likyua kwenye chokoleti iliyoyeyuka, usitie kijiko cha chai kimoja kwa woga. Tia kijiko kikubwa kimoja au zaidi kwa kila gramu 60 za chokoleti, kiwe cha uvuguvugu, kwa mara moja.

La pili ni uzito wa kimiminika. Biskuti za tiramisu hunywa likyua kwa sababu likyua ni nyepesi vya kutosha kupenya. Shira ya kakao ni nzito. Itazipaka nje na kuziacha kavu ndani. Iyeyushe kwanza na kahawa, sehemu moja ya shira kwa tatu za kahawa.

La tatu ni ubaridi. Alkoholi haigandi kwenye friza ya nyumbani, na kiasi kidogo ndani ya aiskrimu huifanya ichoteke kwa urahisi. Ukiitoa na kuweka shira, sukari itasaidia kwa sehemu, lakini aiskrimu itakuwa ngumu kuliko mapishi yalivyotarajia. Itoe nje dakika kumi kabla ya kuandaa. Kinyume chake, ukizidisha vodka bila kupima, haitaganda kamwe.

Kwa wasiokunywa

Watu wengi hutafuta mbadala kwa sababu hawataki pombe kabisa, iwe kwa dini, kwa ujauzito, kwa dawa wanazotumia au kwa kuwa wameiacha na hawataki kurudi. Wanastahili jibu la kweli, na jibu la kwamba "pombe yote huisha kwenye moto" si la kweli. Jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba mchanganyiko uliotiwa pombe na kuokwa dakika 15 hubakiwa na asilimia 40 ya alkoholi yake; nusu saa, asilimia 35; saa nzima, asilimia 25; na hata baada ya saa mbili na nusu bado kuna asilimia 5. Chakula kilichowashwa moto mezani kwa mbwembwe hubaki na asilimia 75. Kitindamlo kisichopikwa, kilicholala kwenye friji, kinabaki na asilimia 70. Tiramisu yenye likyua, kwa hiyo, ni tiramisu yenye pombe, na anayewalisha watoto au mgeni asiyekunywa anapaswa kusema.

Angalia vanila pia. Ile ya maji inayouzwa kama dondoo halisi nchini Marekani lazima iwe na kileo kisichopungua asilimia 35. Asiyetaka pombe hata kidogo atumie ganda la vanila au vanila ya unga.

Kinachokosekana pombe inapoondoka ni ule ukali unaokata utamu. Shira ya kakao peke yake, hata iwe nzuri namna gani, itachosha baada ya mafunda matatu. Ukali huo hauigiki kikamilifu, lakini kitu chenye ukakasi hufika karibu. Mimi hutumia chai ya rangi iliyokolea sana na kupoa: sehemu mbili za chai kwa moja ya shira, chumvi kidogo, na tangawizi mbichi iliyokamuliwa, matone machache tu, ili koo lihisi joto ambalo pombe ingelileta. Kahawa nayo inafaa, ila tumeshaona sauti yake ilivyo.

Kwa Alexander isiyo na pombe, basi, pima mililita 60 za mchanganyiko huo wa chai, mililita 30 za krimu baridi, tikisa kwa barafu nyingi kwa nguvu mpaka chombo kiume mkono kwa baridi, chuja ndani ya glasi iliyopozwa, na ukune kungumanga papo hapo juu yake. Kungumanga ya kukuna ni bora kuliko ya unga uliokaa, kwa maana kwenye kinywaji hiki harufu ndiyo inayofika kabla ya funda la kwanza.